Mashine ya kunyonya kidonda (presha hasi): maswali yanayoulizwa sana na wadau wa Mtwara na Lindi

Haya ni maswali ambayo manesi, mafundi wa vifaa tiba, wanafunzi na ndugu wa wagonjwa huku kusini wanayarudia kila siku, tumeyaweka sehemu moja. Yameanzia ya msingi yakaenda mpaka yale ya ajabu ajabu mwishoni. Yamepewa namba ili pale jibu lilipo kwingine tukuelekeze tu. Anayejenga kifaa asome yote, anayeuguza ndugu yake asome 1 mpaka 5 halafu aruke mpaka 18.

## Ya msingi

1. Hii mashine inafanya nini hasa?

Kidonda kinajazwa sponji au gozi, juu yake inabandikwa plastiki nyembamba yenye gundi ambayo haipitishi hewa, plastiki inatobolewa tundu moja, mrija unawekwa pale, halafu pampu inavuta. Hewa ikitoka ndani, sponji inasinyaa na kuzikaribisha kingo za kidonda, majimaji yanayotoka kidondani yanaenda kwenye kopo badala ya kulowesha shuka, uvimbe unapungua, na nyama za chini zinavutwa kidogo kidogo mpaka zinachangamka na kuanza kuota. Kidonda kinabaki na unyevu wake bila kuloa, na hakifunguliwi kila asubuhi.

Haiui vijidudu, na haiondoi nyama iliyokufa. Kama kidonda hakijasafishwa vizuri kwanza basi unakuwa umefunika uchafu na plastiki ya bei kubwa.

2. Inaponya kweli au ni mbwembwe za kisasa?

Inategemea kidonda. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa Armstrong na Lavery, wagonjwa 162 wa kisukari waliokatwa sehemu ya mguu, ndani ya wiki 16 waliopona upande wa mashine walikuwa asilimia 56 na upande wa dresingi za kawaida asilimia 39. Hiyo ni tofauti ya maana. Lakini mwaka 2018 Uingereza walitoa utafiti wa watu 460 waliovunjika miguu vibaya mpaka mfupa ukatoka nje, na baada ya mwaka mzima waliotumia mashine na wasiotumia walikuwa sawa tu kwa namna wanavyoweza kutembea na kufanya kazi zao.

Kwa hiyo mtu akikuambia inaponya kila kitu anauza. Mimi naiona faida yake kubwa huku kwetu kwenye kitu ambacho hakisemwi sana, kidonda kikubwa kinachotoa maji mengi kinaweza kufunguliwa kila baada ya siku 2 au 3 badala ya mara mbili kwa siku, na kwenye wodi yenye nesi mmoja usiku hiyo sio faida ndogo.

3. Nani aliianzisha, na kwanini bei iko juu hivyo?

Wazo la kunyonya kidonda ni la zamani na wengi walilijaribu. Waliolifanya liwe mashine ya kuuzwa ni Louis Argenta na Michael Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, ikapata kibali huko mwaka 1995 na maandiko yao makuu yakatoka 1997. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya hakimiliki na inakodishwa, huko Marekani ilikuwa inatajwa kama dola 100 kwa siku. Ukiifungua ndani hukuti maajabu, ni pampu ndogo, sensa (kidude cha kupima presha), betri na kopo. Pesa kubwa inaenda kwenye sponji na plastiki zake maalum, ambazo zinatumika mara moja na kutupwa, na kila kampuni imehakikisha kopo lake haliingii kwenye mashine ya mwenzake. Ndio maana hospitali inaweza kupewa mashine ya msaada, sponji zilizokuja nayo zikaisha, ikaishia kabatini.

Kifaa kinachobadilika kulingana na mazingira, ndicho tunachokiongelea hapa, ni kile kinachokubali vitu vilivyopo: mrija wowote wa saizi ya kawaida, gozi kama sponji hakuna, betri ya aina yoyote ya volti 12.

4. Kidonda gani hakifai kabisa?

Kidonda chenye saratani ndani yake. Kidonda chenye gamba jeusi la nyama iliyokufa ambalo halijaondolewa. Mfupa wenye maambukizi ambayo hayajatibiwa. Mshipa mkubwa wa damu au utumbo ulio wazi. Tundu ambalo hujui linaishia wapi. Na mtu anayetoka damu kirahisi au yupo kwenye dawa za kuyeyusha damu, huyu sio marufuku moja kwa moja lakini ni daktari aamue na awe karibu. Mguu wa kisukari upimwe kwanza kama damu inafika, kama mapigo ya mguuni hayapo basi tatizo ni bomba la damu na mashine haitasaidia.

5. Naweza kumfungia mama nyumbani mwenyewe, nimeona video?

Hapana. Dada au kaka, tunaelewa nauli ya kutoka kijijini mpaka hospitali ya Ligula au Ndanda au Nyangao inauma, lakini kusafisha kidonda kabla ya kufunga ndio kazi yenyewe na inahitaji mtu aliyesomea. Wewe kazi yako ni kuangalia, na hiyo tumeieleza kwenye 18.

## Presha

6. Kwanini kila mtu anasema 125?

Kwasababu Morykwas na wenzake walipojaribu kwa nguruwe waliona damu kwenye nyama za kidonda inaongezeka mpaka mara 4 kwenye mvuto wa mmHg 125 (milimita za zebaki, kipimo cha presha; namba zote za presha humu ni za kipimo hicho), na ukipandisha sana, kwenye 400 huko, inapungua chini hata ya ilivyokuwa mwanzo. Namba ikakaa vichwani. Baadaye watu walikuja kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida inapatikana tayari kwenye 80, na wanaotumia gozi badala ya sponji wamekuwa wakifanya kazi kwenye 80 toka zamani.

Kwa anayejenga kifaa hii ni habari njema mno. Kulenga 80 maana yake pampu ndogo zaidi, betri inakaa zaidi, plastiki haivutwi sana kwenye kingo, na mgonjwa anasikia maumivu kidogo. Ushauri wetu ni kifaa kianze kwenye 80, daktari aweze kushusha mpaka 50 au kupandisha mpaka 125, na zaidi ya hapo kisiende hata mtu akishika kitufe.

7. Sina geji ya maana, naipimaje?

Maji. Chukua mrija unaoonekana ndani, mita 2, ufunge ukutani umesimama wima, ncha ya chini izame kwenye ndoo ya maji yenye rangi kidogo, ncha ya juu iende kwenye pampu. Washa. Maji yatapanda kwenye mrija. Kila mmHg 1 ni sentimita 1.36 za maji, kwa hiyo 80 ni sentimita 109 kutoka uso wa maji kwenye ndoo, na 125 ni sentimita 170. Futi ya fundi inatosha. Hakuna sensa inayokuja kwenye kifurushi kutoka China ambayo tunaiamini kabla haijapimwa hivi, na sio mara moja tu, rudia kila baada ya miezi michache maana chumvi ya pwani inakula viungo.

Maji hayo hayo yanaweza kuwa kizuizi cha presha. Bomba la PVC limezibwa chini na juu, limejazwa maji, ndani yake kuna mrija mwembamba ulio wazi juu kwa hewa ya nje na ncha yake imezama sentimita 109. Ncha ya juu ya bomba inaungwa kwenye njia ya pampu. Pampu ikitaka kuvuta zaidi ya 80, hewa inaingia kupitia mrija mwembamba na kutoa mapovu, presha haipandi. Kwa wodini pasipo na mtu wa kutengeneza elektroniki, hii haina cha kuharibika. Ila angalizo, ile chupa ya kunyonya kifua yenye sentimita 20 za maji ni mmHg 15 tu hivi, usiiazime ukadhani ni kitu kimoja.

8. Kopo nitundike juu kwenye stendi ya dripu, si ndio rahisi?

Usitundike. Mrija ukijaa majimaji, kila mita 1 ya kupanda inakula mmHg 74 hivi. Yaani pampu inaonyesha 80, kidondani inafika 6, na sensa iliyo kwenye pampu haitakuambia kitu. Weka kopo usawa wa kidonda au chini kidogo, kwenye mkoba wa bega au kitandani pembeni ya mgonjwa. Hili ndilo kosa tunaloulizwa zaidi bila muulizaji kujua kwamba analiuliza, maana linakujaga kama "mashine inafanya kazi lakini kidonda hakibadiliki".

## Pampu na umeme

9. Nitumie pampu gani?

Pampu ndogo ya diaframu ya volti 12 yenye uwezo wa kufika 200 hivi ikiwa imezibwa. Hewa nyingi haihitajiki, unahitaji ivute taratibu na ishike. Nyingine mnazouliza:

Pampu ya tangi la samaki. Imejaribiwa nchi kadhaa na inawezekana ukiigeuza ivute badala ya kupuliza. Nyingi ni dhaifu, zinategemea umeme wa ukutani, na waya wa volti 230 karibu na mgonjwa aliyelowa sio kitu cha kuchezea.

Mashine ya sakshen (ya kunyonya damu na majimaji) ya chumba cha upasuaji. Ina nguvu kupita kiasi, inapita 500 bila shida, na haikutengenezwa kuwaka siku 3 mfululizo. Kama ni hiyo tu iliyopo basi lazima iwe na kizuizi kati yake na mgonjwa, soma 7.

Sirinji ya mililita 50 iliyovutwa na kuwekewa kijiti ili isirudi, au ile chupa ya drein (ya kutolea majimaji baada ya upasuaji) inayokuja na mvuto wake. Zote zinaanza na mvuto mkali usioujua na zinashuka kila zinavyojaa. Kwa mfereji mdogo baada ya upasuaji sawa, kwa kidonda kipana hapana.

10. Umeme ukikatika inakuwaje?

Hapa ndio tukae kidogo. Watengenezaji wakubwa wanakubaliana kwamba kidonda kisikae kimefungwa bila mvuto zaidi ya masaa 2 ndani ya siku, kwasababu plastiki ikiwa imefunikwa halafu hakuna kinachonyonya, majimaji yanatulia humo kwenye joto na unakuwa umevifugia vijidudu. Mtwara gesi ipo Mnazi Bay lakini kukatika kwa umeme mnakujua wenyewe. Kwa hiyo chora kifaa chako kikiishi kwa betri, na umeme wa ukutani uwe wa kuchaji tu.

Hesabu yake ni hii. Pampu ya volti 12 inayokula nusu ampia ni wati 6. Ikiwaka muda wote, betri ya volti 12 ampia-saa 7, ile ya kengele za wizi, ina wati-saa 84, inakwisha kwa masaa 14. Sasa kama kidonda kimezibwa vizuri pampu inawaka labda dakika 1 kati ya 20, wastani unashuka mpaka wati 0.3, weka na elektroniki 0.3 nyingine, jumla 0.6, betri ile ile kwenye karatasi inaenda masaa 140. Betri ya asidi kama hiyo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo sema masaa 70, siku 3 kasoro kidogo. Kifaa cha kutembea nacho chenye seli 3 za lithiamu, wati-saa 28 hivi, kinakupa kama siku 2 kasoro. Umeona? Kilichobadilisha masaa 14 kuwa siku 3 sio betri kubwa wala sola, ni plastiki iliyobandikwa vizuri. Hewa inayovuja ndio inayokula chaji, na kununua pampu kubwa kufidia uvujaji ni kama kunywa dafu kwa mrija uliotoboka, utavuta mpaka mashavu yaume.

11. Nimeunganisha pawabenki, inazima yenyewe kila baada ya muda, pampu mbovu?

Pampu nzima. Pawabenki nyingi zikiona kinachovutwa ni kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajikata. Na kifaa kizuri ndio kinavuta kidogo muda mwingi. Ama weka betri yako ya ndani na pawabenki iwe inaichaji tu, ama weka kikinzani (resista) kinachovuta umeme kidogo kila baada ya sekunde kadhaa ili isilale. La kwanza ni bora.

12. Kuna ya bila umeme kabisa?

Ipo. Danielle Zurovcik akiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa kwenye chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza pampu ya plastiki ya mkono inayojikunja kama kinanda cha mikunjo, unaibonyeza chini halafu yenyewe inajirudisha huku inavuta, gharama ya kuitengeneza ikitajwa kuwa dola 3 hivi. Waliipeleka Haiti baada ya tetemeko la 2010. Walichojifunza kule kinafanana na cha kila mtu, pampu haikuwa tatizo, kazi yote ilikuwa kuziba hewa isiingie. Kuna nyingine ya kibiashara ya springi inayokuja imeshapangwa 75, 100 au 125, hiyo inafaa vidonda vidogo visivyotoa maji mengi.

Kwa Newala, Tandahimba, Nanyumbu, Liwale ndani huko, tungeanza na ya mkono na sio ya betri. Ila lazima mtu aiangalie mara kwa mara, haina alamu.

## Kuziba na kujaza

13. Inavuja hewa kila saa, nifanyeje?

Kwanza jasho. Kuanzia Novemba mpaka Machi hapa pwani ngozi haikauki, na gundi haishiki ngozi iliyolowa. Nyoa vinyweleo, osha mafuta na sabuni, kausha, pangusa na spiriti kwenye ngozi nzima tu isiyo na kidonda, subiri ikauke yenyewe kabla hujabandika, usiipepee na daftari. Kama kuna feni mwelekeze mgonjwa. Tinkcha ya benzoini ikiwepo ipake pembeni, inaongeza kushika.

Pili, usibandike plastiki moja kubwa kwa mkupuo. Weka vipande vyembamba kuzunguka kidonda kwanza kama fremu, halafu kubwa juu yake. Plastiki ipite ukingo wa kidonda angalau sentimita 3 mpaka 5. Makunjo ndio njia za hewa, hasa kinena, kati ya vidole na nyuma ya kisigino, pale jaza ile pesti ya kubandikia mifuko ya haja kubwa kama ipo.

Tatu, kutafuta tundu: wodi iwe kimya, pitisha sikio karibu, utasikia mluzi mwembamba. Bonyeza na kidole kuzunguka kingo, pale mluzi unapokatika ndio penyewe, bandika kipande kidogo. Usibandue yote.

14. Sponji ya godoro si ile ile?

Haifanani. Sponji ya hospitali ina matundu yaliyofunguka na kuungana, ya mikroni 400 mpaka 600, ya godoro haijulikani imewekewa dawa gani na inamomonyoka, vipande vinabaki kidondani. Kama sponji halisi hakuna tumia gozi safi la hospitali lililolowekwa sailini (maji ya chumvi ya hospitali) na kukamuliwa, na mrija wenye matundu katikati yake, presha 80. Gozi linapatikana, linachemshika kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), na kila nesi anajua kulishika. Juu ya kano au mfupa tanguliza gozi la vaselini ili lisigande.

Hesabu vipande vinavyoingia na uandike kwa maka peni juu ya plastiki: vipande vingapi, tarehe, saa. Anayefungua siyo lazima awe aliyefunga, na kipande kilichosahaulika ndani ni usaha wa wiki ijayo.

15. Nifanyie mazoezi wapi kabla ya mgonjwa?

Kongoro. Nenda buchani chukua mguu wa ng'ombe wenye ngozi ulioshababuliwa manyoya, una kona kama kifundo cha mguu wa mtu. Chimba kidonda na kisu, mwagia maji yenye sukari kidogo ili yawe mazito, funga, washa, acha mpaka asubuhi. Ukiweza kushika 80 usiku kucha kwenye kongoro lenye mafuta, mgonjwa hatakusumbua. Usile baada ya hapo.

16. Nibadilishe kila baada ya muda gani?

Masaa 48 mpaka 72. Kidonda chenye maambukizi mapema zaidi, hata kila siku. Kikitoa harufu au homa ikipanda usingoje ratiba.

## Alamu na usalama

17. Nimeandika programu ya kuwasha na kuzima pampu, niongeze nini?

Acha nafasi kati ya kuwasha na kuzima, mfano izime ikifika 85 na iwashe ikishuka 70, vinginevyo pampu itatetemeka muda wote na kufa mapema. Halafu hesabu muda kati ya kuwaka mara moja na nyingine. Hiyo namba moja inakuambia karibu kila kitu. Ikiwaka kila sekunde 15 kuna uvujaji. Ikiwaka bila kuzima plastiki imebanduka au mrija umechomoka.

Na ikikaa kimya masaa bila kuwaka hata mara moja usifurahi. Watu wengi wanadhani kimya ni uzima. Inawezekana mrija umeziba na damu iliyoganda au mgonjwa ameulalia, mvuto umeshikwa huku kwenye kopo na kidondani hakuna kitu. Dawa yake ni mrija wa pili mwembamba unaoenda mpaka kwenye plastiki ya kidonda kwa ajili ya kupima tu, sensa isome pale na sio kwenye pampu. Ukishindwa, weka upenyo mdogo wa hewa unaoujua karibu na kidonda ili majimaji yaendelee kusogea, na kimya kirefu kiwe ni alamu.

Alamu inyamazishike, lakini irudi yenyewe baada ya dakika 15. Ukiweka ya kuzima moja kwa moja itazimwa saa 8 usiku na hutakuwepo.

18. Ndugu wa mgonjwa aangalie nini?

Vitu vinne. Sponji iwe imesinyaa na ngumu ukiigusa juu ya plastiki, ikiwa laini na imevimba hakuna mvuto. Kopo lisijae. Mgonjwa asiwe na homa au maumivu yanayozidi. Na damu.

Majimaji ya rangi ya maji ya rosela ni kawaida. Ila bibi, mama, yeyote uliyekaa pale, ukiona damu nyekundu nzito inakuja kwenye mrija au kopo linajaa damu, zima mashine hapo hapo, bonyeza kidonda kwa nguvu na mkono juu ya plastiki, piga kelele aitwe nesi. Usisubiri uulize kwanza. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kuripotiwa vifo 6 na majeruhi 77, kufika 2011 jumla ikawa vifo 12 na majeruhi 174, damu ndio iliyokuwa hatari kubwa kuliko zote na wengi wa waliokufa walikuwa nyumbani au kwenye nyumba za kuuguzia.

Kwa mjenzi, hii inamaanisha kopo liwe angavu, liwe dogo, mililita 300 mpaka 500 yatosha, na likijaa mvuto ukatike wenyewe. Kopo la lita 5 la mafuta ya kupikia linaweza kumeza damu yote ya mtu huku mashine inaendelea kunguruma vizuri tu.

19. Kopo na mrija naweza kurudia?

Pampu ndio, kwa mgonjwa mwingine, kama kati yake na kopo kuna filta ya kuzuia maji na vijidudu na umeifuta nje. Kopo na mrija hapana. Kilichomo ni taka hatarishi, kimwagwe kwa utaratibu wa hospitali na sio kwenye karo la wodi.

## Vibali

20. Nimeshatengeneza, naweza kumpa daktari rafiki yangu ajaribu?

Hata kama ni shemeji yako, hapana. Vifaa tiba Tanzania vinasimamiwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kujaribu kwa binadamu ni utafiti, unahitaji kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wanahusika. Anza na kamati ya hospitali unayotaka kushirikiana nayo. COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) wanaweza kukusaidia upande wa ubunifu, na kwa kazi ya karakana SIDO (shirika la viwanda vidogo) na VETA (vyuo vya ufundi stadi) wapo Mtwara na Lindi. Peleka ukiwa na daftari la vipimo vya 7 na 15, utasikilizwa haraka zaidi kuliko ukienda na slaidi.

## Kesi za pembeni

21. Kidonda cha kung'atwa na kifutu?

Sio siku za mwanzo. Sumu inaweza kuharibu ugandaji wa damu na nyama inaendelea kufa kwa siku kadhaa. Apate matibabu ya sumu, damu ipimwe kama inaganda, nyama iliyokufa iondolewe ikishajionyesha, ndipo mashine ifikiriwe.

22. Mikono iliyoungua na mafuta ya ganda la korosho?

Karibu zote ni za juu juu, osha sana na maji na sabuni, dresingi ya kawaida. Mashine ya nini.

23. Mguu una vyuma vya nje vya kushikilia mfupa uliovunjika?

Inawezekana lakini ndio kazi ngumu kuliko zote kwenye 13. Valisha kila chuma kipande chake cha plastiki kwanza kama bendera iliyokunjwa mara mbili, halafu unganisha na plastiki kubwa. Panga muda wa kutosha na mtu wa kukushikia mguu.

24. Juu Newala hewa ni nyepesi, presha nibadilishe?

Hapana, mvuto unapimwa kulinganisha na hewa ya hapo hapo ulipo, 80 ni 80. Ila hakikisha sensa yako ni ya kulinganisha na sio ya kupima hewa kamili, hiyo ya pili itakudanganya ukipanda mlima.

25. Mtoto?

Presha ya chini, 50 mpaka 75, daktari aamue. Mrija ufungwe mbali na mikono yake.

26. Mgonjwa anarudi Songosongo kwa boti, aende nayo?

Jiulize mawili. Je nyumbani kuna mtu aliyeonyeshwa kwa vitendo kuzima, kubonyeza na kufungua, na amerudia mbele ya nesi? Na mashine ikifa saa 3 usiku bahari ikiwa imechafuka, kuna mtu wa kuitoa dresingi na kuweka gozi la sailini ndani ya yale masaa 2 ya kwenye 10? Zahanati ya pale ikikubali kuwa ndio huyo mtu, apewe mashine, betri ya akiba iliyochajiwa, pakiti za gozi, na karatasi yenye idadi ya vipande vilivyo ndani. Kama jibu ni hapana hata kwa moja, mtoeni kwenye mashine kabla hajaondoka, arudi na dresingi ya kawaida na tarehe ya kliniki.